Walanguzi wameingia hata kwenye saa za gofu

Mchezo wa gofu ukitajwa, huenda wewe msomaji ukawaza mara moja juu ya mabwana wenye vitambi na kofia nyeupe, wakizungumzia zabuni na mashamba huku kijana mwembamba akiwafuata nyuma na mkoba mzito begani. Picha hiyo haikutoka hewani. Hapa kwetu gofu ililetwa na wakoloni, ikafungiwa ndani ya ua za vilabu, na hadi leo wengi wetu huiona kupitia dirisha la matatu tu, tukipita kando ya seng'enge.

Hata hivyo, leo ningependa tuitazame gofu kama jambo la afya, tena afya ya mwananchi wa kawaida. Sababu ni kisa kilichozuka katika mji wa Los Angeles, Marekani, mapema mwaka 2024, ambacho nadhani kinatuhusu zaidi ya tunavyoweza kufikiri.

Mji huo una viwanja 12 vya gofu ambavyo ni mali ya umma, vinavyosimamiwa na idara ya bustani na burudani ya mji wenyewe. Baadhi yavyo vimo katika Griffith Park, bustani kubwa iliyotokana na zaidi ya ekari 3,000 ambazo tajiri mmoja, Griffith J. Griffith, aliwapa wakazi wa mji huo mwaka 1896. Hakuna kadi ya uanachama wala mdhamini wa kukujulisha kwa kamati. Ukiwa dereva, mwalimu au mzee aliyestaafu, unalipa ada yako na kucheza.

Lakini katika gofu huwezi kujitokeza tu na kuanza kupiga mpira. Ni lazima uwe na saa yako ya kuanza, mathalan saa moja na dakika ishirini asubuhi, wewe na wenzako watatu. Siku hizi saa hizo huombwa kwa simu au kompyuta, siku kadhaa kabla. Wachezaji wa Los Angeles waligundua kwamba nafasi za siku zijazo zilipofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, saa zote nzuri za mwishoni mwa juma zilitoweka kabla hawajamaliza kupangusa macho. Mwalimu mmoja wa gofu alipoamua kulifichua jambo hilo hadharani, ilibainika kwamba kulikuwa na madalali waliozinyakua saa hizo kwa wingi na kuziuza kichinichini kupitia ujumbe wa simu. Kulingana na ripoti za magazeti ya huko, mteja aliweza kutozwa hadi dola 40 juu ya ada ya uwanja, na hata senti moja ya fedha hizo haikuingia katika hazina ya mji.

Sisi tuliozoea walanguzi wa sukari na unga wakati wa uhaba hatuhitaji kufafanuliwa mchezo huo. Tofauti ni kwamba hawa wa Los Angeles hawakuwa na ghala wala lori. Walilangua saa.

Utaniuliza, basi, jambo hili lina uhusiano gani na ukurasa wa afya?

Lina uhusiano mkubwa. Mtu anayecheza gofu kwa miguu, mashimo yote 18, hutembea kama kilomita 10. Hiyo ni zaidi ya hatua 10,000, kwenye nyasi, akipanda na kushuka, kwa muda wa saa nne au zaidi. Si mwendo wa kasi, na ni kweli kwamba sehemu ya muda huo hupotea mtu akiwa amesimama kumngoja mwenzake apige. Hata hivyo, ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwamba mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Mchezo mmoja tu kamili huweza kukufikisha hapo au karibu na hapo.

Wataalamu wa taasisi ya Karolinska nchini Uswidi walichunguza kumbukumbu za wachezaji gofu wapatao 300,000 wa nchi hiyo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, waligundua kwamba kiwango cha vifo miongoni mwao kilikuwa chini kwa asilimia 40 kuliko cha watu wengine wa jinsia, umri na hali ya maisha kama yao. Walikadiria kwamba tofauti hiyo ni sawa na miaka mitano ya maisha. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba ni gofu iliyowaongezea miaka. Huenda mtu anayecheza gofu pia havuti sigara, au tayari ana afya ya kumwezesha kuzunguka mashimo 18. Lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa.

Kuna jaribio jingine, dogo lakini la kuvutia, lililofanywa Finland na kuchapishwa mwaka 2023. Wazee wachache wa miaka 65 na zaidi, wote wachezaji gofu, walipimwa kabla na baada ya kucheza mashimo 18, kisha siku nyingine kabla na baada ya kutembea kilomita sita. Kutembea kuliwafaa. Gofu vilevile iliwafaa, na kwa upande wa mafuta na sukari katika damu ikafanya vizuri kidogo zaidi, ingawa mwendo wake ni wa polepole. Sababu ni kwamba muda wake ni mrefu. Mzee hawezi kukimbia, lakini ukimpa kimpira cha kufuata na rafiki wa kubishana naye, atatembea saa nne bila kulalamika.

Hilo la rafiki nalisisitiza. Mzee aliyestaafu anayekaa peke yake nyumbani mjini, watoto wakiwa kazini na majirani hawajui jina lake, hahitaji vidonge pekee. Anahitaji sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Saa moja na dakika ishirini, siku ya Jumanne, pamoja na wenzake watatu wanaomsubiri, ni sababu.

Sasa mtazame mzee huyo mbele ya simu saa kumi na mbili alfajiri, akishindana na kijana mwenye majina kumi ya bandia na vidole vyepesi kama vya mpiga kinanda. Atashindwa. Atashindwa tena wiki ijayo, na wiki ya tatu atakata tamaa na kubaki kitini. Daktari wake hatajua ni kwa nini shinikizo la damu limepanda. Ndiyo maana nasema kwamba mpango wa kugawa saa za uwanja wa umma ni sehemu ya tiba. Ukiwaachia wenye mbio na wenye fedha, dawa itanywewa na wale ambao tayari ni wazima.

Wapo watakaosema suluhisho ni kuongeza nafasi. Hebu tupige hesabu ndogo. Kundi la watu wanne likianza kila baada ya dakika kumi, ni watu 24 kwa saa. Kwetu hapa karibu na ikweta mwanga hudumu kama saa 12, tuseme kuanzia saa kumi na mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na mbili unusu jioni. Kundi la mwisho lazima lianze saa nane mchana hivi, la sivyo giza litalikuta shimo la 15. Hizo ni saa saba na nusu, yaani watu 180 kwa siku nzima katika uwanja unaomeza makumi ya ekari. Huwezi kulazimisha zaidi ya hapo. Ukipunguza dakika kumi ziwe sita, watu watarundikana na kungojana kwenye kila shimo, na mpira wa nyuma utamgonga wa mbele kichwani. Na tangu janga la Korona la mwaka 2020, watu walipokimbilia michezo ya nje kwa hofu ya kukaa ndani pamoja, wanaoitaka gofu Marekani wameongezeka sana. Uhaba huo si wa kubuni. Ndiyo sababu mlanguzi akapata riziki.

Wakuu wa Los Angeles walichukua hatua. Kuanzia Aprili 2024 walijaribu mpango wa kutoza amana ya dola 10 kwa kila mchezaji anapochukua saa, amana isiyorudishwa. Hapo awali mlanguzi aliweza kushikilia saa nyingi bila gharama, na zile zisizopata mnunuzi akazifuta dakika za mwisho. Sasa kila saa isiyouzwa ilimla mfukoni.

Ni hatua nzuri kiasi. Lakini tazama inamwumiza nani mwingine: mzee ambaye goti lake limefura Ijumaa usiku, au mama aliyeshikwa na homa. Mgonjwa anayeghairi kwa uaminifu anatozwa faini ili mlanguzi abanwe. Mimi ningependelea saa iandikwe kwa jina la mtu na kitambulisho chake, isiweze kuhamishwa kwa mwingine, na ikifutwa irudi kwenye kapu la wote kwa kura badala ya kumwangukia aliye macho usiku wa manane.

Kabla hujasema kwamba huu ni ugomvi wa Wamarekani walioshiba, nakuomba unisikilize juu ya daktari mmoja.

Tarehe 19 Julai 1951, Dkt Hamilton Holmes, daktari mweusi wa mji wa Atlanta, alikwenda na wanawe wawili, Alfred na Oliver, pamoja na rafiki yao mmoja, kwenye uwanja wa gofu wa umma wa mji huo. Walikuwa wanne kamili, kama kanuni inavyotaka. Walikatazwa kucheza kwa sababu ya rangi yao, ingawa kodi yao ndiyo iliyosaidia kufyeka nyasi zile. Familia hiyo ilikwenda mahakamani. Mahakama za chini zilishikilia kwamba mji ungeweza kuendelea kuwatenga mradi tu wapewe nafasi yao ya kando. Hawakukubali, na tarehe 7 Novemba 1955 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba ubaguzi huo hauruhusiwi. Mkesha wa Krismasi mwaka huohuo, Alfred na wenzake walicheza katika uwanja wa umma wa Atlanta uitwao North Fulton.

Mjukuu wa daktari huyo, aliyeitwa Hamilton vilevile, alikuwa mmoja wa wanafunzi wawili weusi wa kwanza kuingia Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 1961, na baadaye akawa daktari bingwa wa mifupa. Huko Los Angeles nako, katika uwanja wa umma wa Rancho Park, mmoja wa viwanja maarufu vya mji huo ambao walanguzi waliuvamia, Charlie Sifford alishinda mashindano makubwa ya Los Angeles Open mwaka 1969. Sifford alikuwa mtu mweusi, na hadi mwaka 1961 katiba ya chama cha wachezaji wa kulipwa ilikuwa imeandika waziwazi kwamba uanachama ni wa wazungu.

Kwa hivyo saa ya kuanza katika uwanja wa umma si kitu kidogo. Watu walikwenda mahakamani kwa ajili yake. Inakera kuona kwamba mlango uliofunguliwa kwa jasho namna ile sasa unasimamiwa na dalali mwenye simu.

Tatizo jingine la uhaba wa saa ni usingizi. Katika jimbo la New York kuna bustani ya serikali iitwayo Bethpage, yenye viwanja vitano vya gofu. Kile kinachosifika zaidi, Black, kilifunguliwa mwaka 1936, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na ujenzi wake uliwapa kazi watu waliokuwa hawana ajira. Mwaka 2002 kiliandaa mashindano ya U.S. Open, na Septemba 2025 kikaandaa Ryder Cup. Wataalamu wakiondoka, mwananchi anaruhusiwa kulipa na kucheza palepale walipocheza. Tena haruhusiwi kutumia kigari. Ni miguu tu. Kwa hilo nawapongeza sana.

Lakini kwa miaka mingi watu wamekuwa wakilala ndani ya magari yao katika eneo la maegesho la Bethpage, kila gari katika nafasi yenye nambari, wakisubiri mhudumu apite kabla ya alfajiri kuwagawia tikiti za nafasi zilizoachiwa wale wanaofika wenyewe. Wenyewe huisimulia kama sherehe. Kuna wanaochoma nyama, kuna wanaofanya mazoezi ya kupiga mpira gizani.

Mimi sioni sherehe hapo. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Aliyejikunja juu ya kiti cha gari usiku kucha, kisha akatembea kilomita 10 juani, ameikopesha afya yake kwa mkono mmoja na kuinyang'anya kwa mwingine. Hatari zaidi ni safari ya kurudi. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo hufanya mambo kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu yake. Polisi wetu wa barabarani wana kifaa cha kupima pombe. Cha kupima usingizi bado hawana.

Walipotambua hilo, au pengine walipochoka kuona watu wakikesha kwenye baridi, wasimamizi wa uwanja mkongwe wa St Andrews, Scotland, waliamua vingine. Old Course ya St Andrews ni ardhi ya umma, inayosimamiwa na amana iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Nusu ya dunia inataka kuicheza. Ukitaka nafasi, wewe na wenzako mnaingiza majina siku mbili kabla, na kura inapigwa. Ukipata, umepata, usipopata, unajaribu tena kesho yake. Wale wanaokuja peke yao walikuwa na desturi ya kupanga foleni usiku kucha mbele ya ofisi, wengine na blanketi. Tangu mwaka 2024 hata hao wanajiandikisha siku ya kabla na kupigiwa kura, kisha kila mtu anakwenda kulala kitandani. Wapenda mila walinung'unika. Kwangu mimi hatua hiyo ni ya kiafya kuliko mashine zote za mazoezi zitakazonunuliwa mwaka huu katika mji huo.

Na kuna jambo moja zaidi la St Andrews linalonifurahisha. Siku ya Jumapili gofu haichezwi Old Course katika hali ya kawaida. Uwanja huwa bustani. Akina mama husukuma vigari vya watoto pale ambapo siku iliyotangulia watu walilipa fedha nyingi ili kupiga mpira, na mbwa hukimbia watakavyo.

Turudi nyumbani. Nchi yetu ina viwanja vya gofu takriban 40, vingi vyavyo vya vilabu. Kile cha Royal Nairobi kilianza mwaka 1906. Ni kweli kwamba vilabu vingi humruhusu asiye mwanachama kucheza akilipa ada ya mgeni, lakini ada hiyo si ya mfuko wa kila mtu, na Jumamosi kwa kawaida ni siku ya mashindano ya wanachama. Kwa mkazi wa Nairobi asiye na klabu, upo uwanja wa Golf Park, ulio ndani ya njia ya mbio za farasi kule Ngong Road, ambapo mtu hulipa na kucheza. Ukiuweka uwanja wa namna hiyo kando ya mamilioni ya watu wa jiji hili, utaona kwamba kisa cha Los Angeles hakijatufikia kwa sababu moja tu: wengi wetu bado hatujapiga hodi.

Tutapiga. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la damu. Madaktari wetu wanasema kila siku: tembea. Tutembee wapi? Kando ya barabara hakuna njia ya miguu, na palipo na njia pana pikipiki na meza za mitumba. Kila nafasi ya wazi jijini imebaki kwa sababu mtu fulani aliipigania. Wangari Maathai alipopinga jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park mwaka 1989, na alipojeruhiwa mwaka 1999 akitetea msitu wa Karura, kuna waliomcheka wakisema miti si chakula. Leo nenda Karura Jumapili asubuhi uone wagonjwa wa kisukari wanavyotembea humo.

Ndiyo maana siungi mkono wale wanaotaka kila uwanja wa gofu jijini ugeuzwe nyumba. Ardhi ikishajengwa haitarudi kuwa nyasi. Afadhali tuudai uwazi wake. Kaunti inaweza kuzungumza na vilabu vilivyoketi juu ya ardhi kubwa mjini, na hasa vile ambavyo kodi yake ya ardhi au muda wa kukodi utajadiliwa upya, wakubaliane juu ya saa chache za umma: asubuhi mbili za siku za kazi kwa wazee na wagonjwa walioandikiwa mazoezi na daktari, kwa ada ndogo, na Jumatatu jioni kwa watoto wa shule za jirani. Viwanja vingi siku hizo huwa vitupu hata hivyo. Saa hizo zigawanywe kwa kura na kwa kitambulisho, na sehemu yake iachiwe watu wanaofika wenyewe au wanaopiga simu ya kawaida, kwani si kila mzee ana simu ya kisasa. Tukisubiri mpaka mahitaji yawe makubwa ndipo tuweke kanuni, walanguzi watakuwa wameshaketi mlangoni. Tunawajua.

Tusimsahau pia kedi, yule kijana mwenye mkoba. Yeye hutembea kilomita zilezile, na akipata wateja wawili kwa siku basi ni mara mbili, juani, akiwa amebeba mzigo. Ni yeye anayejua kila mteremko wa uwanja, na ndiye mwenye nafasi finyu kuliko wote ya kupata saa yake mwenyewe ya kucheza. Mpango wowote wa saa za umma usiomtaja utakuwa na kasoro.

Wewe ambaye umeshawishika na unataka kujaribu wiki hii, usianze na Jumamosi asubuhi, maana hapo ndipo kila mtu alipo. Uliza nafasi ya siku ya kazi, saa tisa au saa kumi alasiri, ucheze mashimo tisa tu. Ni kama saa mbili na kilomita tano hivi, jua limepungua makali, na ukifanya hivyo mara mbili kwa wiki umepata mazoezi ya kutosha bila kupoteza siku nzima wala kuchokoza ndoa. Nenda peke yako. Mara nyingi kundi la watu watatu linakosa wa nne, na karani atakuunganisha nalo. Fimbo si lazima ununue, kwani viwanja vingi huazimisha kwa malipo.

Ikiwa una maradhi ya moyo, au hujafanya mazoezi kwa miaka, muone daktari kwanza. Beba maji, vaa kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu, na ukihisi kifua kinabana au kizunguzungu, acha mchezo palepale hata kama mpira uko hatua moja kutoka shimoni. Na wakikuletea kigari, washukuru, uwaambie umekuja kutembea.